Gitaa Kavu ni Mizani ya Bendi Kongwe

Mhadhara wa wazi, Naliendele, Mtwara

Mada yetu ni bendi kongwe na aina moja ya rekodi, ile ambayo bendi huipiga laivu mbele ya watu huku ikiwa imepunguza umeme. Gitaa kavu hushika nafasi ya gitaa la umeme, ngoma za mkono hushika nafasi ya kishindo cha dramu, na maikrofoni chache hubeba sauti hadi kwenye mtambo wa kurekodi. Kwa kuwa besi au kinanda mara nyingi hubaki na waya wake, tuiite rekodi ya nusu kavu. Hoja yangu ni hii: rekodi ya namna hiyo ndiyo mizani ya haki kuliko zote ya kupimia bendi iliyokula miaka mingi, na bendi zetu mbili kongwe, Msondo Ngoma na Mlimani Park, wana Sikinde, zinastahili kuwekwa kwenye mizani hiyo wakati wanaozijua siri zao bado wapo. Sisemi haya kwa kuuchukia umeme. Mkoa huu ndio wenye gesi ya Mnazi Bay, pale Msimbati, na tangu mwaka 2015 bomba linaipeleka gesi ya kusini hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Watu wanaojua umeme unavyopatikana wanayo haki ya kuuliza ni kazi gani unaufanyia muziki, na ni jambo gani unalifunika.

Tuanze na chombo chenyewe. Uzi wa gitaa la umeme ukiguswa, amplifaya huuchukua mlio ule mdogo ikaukuza, ikauongezea mwangwi, ikauacha uendelee kulia hata baada ya kidole kuondoka. Mpigaji akichelewa kidogo, mlio wa nota iliyotangulia bado unaziba pengo, na sikio la mchezaji halitambui kitu. Gitaa kavu halimfichii mtu siri. Mlio wake hutoka kwenye sanduku la mbao, hupanda upesi na kufa upesi, na kidole kilichokosea husikika kimekosea. Sasa utazameni muundo wa bendi ya dansi ya Kitanzania: gitaa la solo linaloongoza, gitaa la kati linalojibu, ridhimu inayoshona, na besi inayoshika chini. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloubeba wimbo mzima. Wimbo uko katikati yao, kwenye zile nafasi ambazo mmoja humwachia mwenzake. Umeme ukipungua nafasi hizo huwa wazi, na kila mpigaji hana budi kuingia kwa zamu yake, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa michi miwili. Bendi changa yenye vipaji inaweza kusikika imara nyuma ya spika kubwa. Maelewano ya watu waliopiga pamoja kwa miaka 20 au 30 hayatengenezwi na fundi mitambo, na husikika vizuri zaidi pale ambapo hakuna kitu kingine cha kuyasaidia.

Majina ya bendi zetu yenyewe yanashuhudia hivyo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kilipogeuka OTTU, ikawa OTTU Jazz. Na baadaye ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Wenye bendi walibadilika, vyombo vilibadilika, waimbaji walikuja na kuondoka. Kilichodumu ni mtindo, na mtindo huo ulipewa jina la ngoma ya ngozi: msondo, ile ngoma ndefu ya unyago. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978 na baadaye kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, nayo ilijitambulisha kwa Sikinde, jina lililotoka kwenye ngoma ya Wazaramo. Waliojenga mitindo hiyo walipiga magitaa ya umeme, saksafoni na tarumbeta, na walijivunia vyombo vyao. Hata hivyo, walipotafuta neno la kujitambulisha kwa wapenzi wao, walikwenda kulichukua kwenye ngoma isiyo na waya. Mimi naliona neno hilo kuwa dai: kwamba ukiondoa vyombo vyote vya dukani, chini yake utakuta ngoma. Dai linapimwa, na namna ya kulipima ni kuviondoa vyombo hivyo, au angalau kuvipunguza, tukasikiliza.

Sisi wa huku hatuhitaji kwenda mbali kuelewa kipimo hicho. Sindimba ya Wamakonde, ambayo kikundi cha taifa cha ngoma kiliibeba baada ya uhuru hadi ikawa sura ya Tanzania jukwaani, hujengwa kwa ngoma za ukubwa mbalimbali. Vinganga, zile ngoma ndogo zenye mguu mrefu unaochomekwa ardhini, hushika mapigo ya haraka yasiyoyumba; ngoma kubwa huzungumza juu yake; na kiuno cha mchezaji hujibu mazungumzo hayo. Kabla ya kuanza, ngozi hukazwa kwa moto mpaka itoe sauti inayotakiwa. Kwenye mapiko, pande zote mbili za mto Ruvuma, kwetu na Msumbiji, mvaa kinyago hucheza na kusimama ghafla pamoja na ngoma. Mtazamaji anayejua hapimi kikundi kwa kelele. Hukipima kwa kule kusimama, kama mguu na ngozi vimenyamaza kwa pamoja. Kwa hiyo kanuni ninayoitetea leo watu wa ukanda huu wanaijua tangu jandoni na unyagoni: kundi lililokomaa hutambulika kwenye ukimya ulioko kati ya pigo na pigo.

Bendi kongwe za nchi nyingine nazo zimepitia njia hii. Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza iliyoanza mwaka 1962, ilikuwa mwaka 1995 kwenye ziara kubwa ya viwanja, pamoja na mitambo na taa zinazoendana na viwanja. Katika ziara hiyohiyo walirekodi mazoezi yao studio, Tokyo na Lisbon, wakapiga kwenye kumbi ndogo kama Paradiso ya Amsterdam, na mwishoni mwa mwaka wakatoa albamu ya Stripped. Haikuwa kavu kabisa. Umeme ulikuwepo kwa kiasi. Lakini magitaa mawili yaliletwa karibu na sikio, dramu zikashushwa, na nyimbo za miaka ya 60 na 70 zikasimama zenyewe, mbele ya watu waliokuwa umbali wa kuuona mkono wa mpigaji. Miaka mitatu kabla yake Eric Clapton aliuchukua wimbo wa Layla, uliojulikana tangu mwaka 1970 kwa ukali wa magitaa yake, akaupiga polepole kwa gitaa kavu mbele ya hadhira ndogo ya kipindi cha televisheni. Rekodi yake, Unplugged, ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Wimbo ulipoteza kile ambacho wengi walidhani ndicho roho yake, ukabaki wimbo. Hilo ni jambo ambalo mtunzi hawezi kulijua mpaka amethubutu kulijaribu.

Hapo huibuka pingamizi la kwanza: kwamba haya ni mambo ya Wazungu, fasheni ya televisheni yao, na kwamba kuyaleta kwenye dansi ni kuiga. Historia inasema kinyume. Kwetu gitaa kavu lililitangulia gitaa la umeme. Jean Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akiwa na gitaa kavu moja tu, na wimbo wake wa Masanga ukawa somo kwa wapiga gitaa wa Afrika nzima. Frank Humplick wa Moshi aliimba na dada zake kwa gitaa kavu miaka ya 50. Magharibi mwa Kenya, Abana ba Nasery walijenga muziki kamili kwa magitaa makavu na chupa ya soda iliyokwaruzwa. Wakongwe wa Kongo nao walirudi huko kwa hiari yao. Wuta Mayi, Nyboma na Syran Mbenza walikuwa pamoja katika Quatre Étoiles, kundi lililochezesha Paris kwa soukous ya kasi miaka ya 80. Watatu hao, pamoja na Papa Noel na wenzao wengine, waliunda Kékélé mwaka 2000, na mwaka uliofuata wakatoa Rumba Congo, albamu ya rumba iliyotulia inayoongozwa na magitaa makavu. Kwa hiyo bendi ya Dar es Salaam ikishika gitaa kavu leo, imeingia kwenye nyumba ya babu yake, na haihitaji kumwomba mtu ruhusa.

Kuna ushahidi mwingine, mzito zaidi kwa sababu kila mmoja wetu ameusikia. Ni hazina ya nyimbo za redio ya taifa, zile tunazoziita zilipendwa. Katika miaka ya 60 hadi 80 nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi ilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na iliyotaka santuri ilitazama Nairobi, hadi mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977. Ndani ya studio ya redio, waimbaji, wapiga magitaa, wapuliza saksafoni na wapiga tumba walipiga wote kwa wakati mmoja, kwa mitambo isiyo na njia nyingi za kutenganisha sauti. Hapakuwa na kurekodi besi leo na sauti kesho. Mmoja akikosea, wote walirudi mwanzo. Maana yake ni kwamba nyimbo za NUTA Jazz, za Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, za Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, na za Western Jazz na mtindo wake wa Saboso, ni rekodi za laivu. Magitaa yalikuwa ya umeme, ni kweli, lakini mizani ya sauti ilifanywa na wapigaji wenyewe kwa kupishana na kupeana nafasi. Tunapozisifu leo tukisema zina utamu usiopatikana tena, tunachokisifu ni ule upishanaji. Rekodi ya nusu kavu ingekuwa njia ya kuurudia mwenendo huo kwa makusudi.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Dansi ni muziki wa kucheza, husema wapinzani. Ukiupunguzia umeme ukumbi utasinzia, na bendi itakuwa imekana kazi yake. Napokea nusu ya hoja hiyo. Jumamosi usiku, watu mia kadhaa wakiwa uwanjani, spika ni lazima, na hakuna anayetaka kuziondoa. Lakini wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole, na ndimo mlimo kisa, ushauri, malalamiko ya mke au ya mfanyakazi. Ya pili ni chemko, magitaa na matarumbeta yanapokabidhiwa wimbo na watu wakasimama. Ukumbini chemko hushinda na maneno hupotea. Wapenzi wengi wamecheza wimbo miaka mingi bila kuujua ubeti wake wa pili, ilhali Kiswahili kilichomo ni kazi ya washairi. Rekodi ya nusu kavu huirudishia sehemu ya kwanza haki yake. Na chemko lenyewe halifi, kwa sababu linalomwinua mtu kitini ni mapigo yaliyokaa sawa, na nguvu ya spika huja baadaye. Kama spika ndiyo ingekuwa sababu ya watu kucheza, sindimba isingechezwa kamwe.

Wa tatu watasema: nyimbo hizo zimekwisha kurekodiwa, na rekodi za awali hazitazidiwa, kuzirudia ni kutafuna muwa uliokwisha kutafunwa. Naliendele inajulikana nchi nzima kwa utafiti wa korosho, na wakulima waliopo hapa wana jibu la pingamizi hilo mikononi mwao. Mkorosho mzee usiozaa vizuri hukatwa, ukaachwa uchipue, kisha machipukizi yake yakabebeshwa vikonyo vya mti wenye sifa bora. Mizizi iliyokwisha kuujua udongo hubaki palepale, na matawi mapya huzaa kwa nguvu ya mizizi hiyo. Hakuna mkulima anayesema mti huo umekuwa mwongo. Na hakuna anayebebesha kikonyo juu ya mti usio na mizizi. Ndivyo ilivyo kwa wimbo. Rekodi ya mwaka 1975 itabaki kuwa ya mwaka 1975, na ihifadhiwe kwa heshima. Lakini mwimbaji aliyeuimba wimbo wa ndoa akiwa kijana, akiuimba tena akiwa na wajukuu, anaimba maneno yaleyale kwa maana nyingine. Miaka aliyoishi imeingia kwenye wimbo, na hakuna rekodi ya zamani inayoweza kuwa nayo.

Wa nne husema kwa upole, na kwa hiyo tumjibu kwa upole: sauti za wazee zimechoka, tusiwaaibishe. Mwaka 1993, kwa msaada wa shirika la HelpAge linaloshughulikia wazee, wanamuziki waliokuwa wamesahaulika walikusanywa Dar es Salaam wakaunda Shikamoo Jazz. Miongoni mwao alikuwa Salum Zahoro, aliyeiongoza Kiko Kids ya Tabora. Mwaka 1995 albamu yao, Chela Chela, ilitoka Uingereza, na Bi Kidude wa Zanzibar alipanda nao majukwaa ya huko. Bi Kidude mwenyewe aliendelea kuimba hadi uzee wa mwisho, kabla ya kufariki mwaka 2013, na ule mkwaruzo wa koo lake ndio uliowafanya watu wanyamaze kumsikiliza. Sauti ya mzee huaibika pale inapolazimishwa kushindana na amplifaya tatu. Ikiwekwa kando ya gitaa kavu na tumba hupata nafasi ya kusema badala ya kupiga kelele. Nakiri kwamba si kila sauti itastahimili. Zipo ambazo mizani itaonyesha zimepungua, na hapo mzee amwachie kijana ubeti yeye akabaki kwenye kiitikio. Mizani isiyoonyesha upungufu haifai hata kupimia korosho.

Pingamizi la mwisho ni la fedha, nalo ni la haki. Nani atalipa, na nani atafaidika? Kwa miaka mingi wanamuziki wetu walirekodi kwa malipo madogo, nyimbo zao zikapigwa na kunakiliwa bila wao kuona kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imebadilisha hali hiyo, kwa maana inamtambua mtunzi na inamtambua pia mpigaji. Rekodi mpya ina faida ambayo rekodi ya zamani haina: inaanza na karatasi safi. Kabla uzi haujaguswa, kila mpigaji aandikwe jina na chombo chake, mgawo wa mapato ukubaliwe kwa maandishi, na warithi wa mtunzi aliyefariki waonane na bendi na kupewa sehemu yao. Gharama zenyewe ni ndogo kuliko zinavyodhaniwa, kwa sababu kazi hii haihitaji miezi ya studio. Inahitaji ukumbi mdogo wenye mwangwi mzuri, mazoezi ya kutosha, maikrofoni nzuri chache, fundi mwenye subira, na hadhira inayojua kunyamaza. Kamera zielekezwe kwenye vidole vya wapigaji wakati wote, ili kijana wa Mtwara au wa Kigoma anayejifunza aone gitaa la kati linavyolijibu solo. Kwa njia hiyo albamu ingekuwa pia darasa.

Nimesema mizani, nimesema haki, na sasa niseme muda. TX Moshi William, mwimbaji wa Msondo, alifariki mwaka 2006. Muhidin Gurumo, aliyeimba NUTA Jazz na baadaye akawa miongoni mwa walioijenga Mlimani Park, alifariki mwaka 2014. Kassim Mapili, mwana wa Nachingwea aliyeipa sifa Polisi Jazz, alifariki mwaka 2016. Shaaban Dede, ambaye sauti yake ilipita Msondo na Sikinde, alifariki mwaka 2017. Kila mmoja wao aliondoka na jambo lisiloandikwa popote: lini uingie, lini umwachie mwenzako, lini unyamaze. Mambo hayo hayafundishwi kwa maneno na hayasikiki chini ya kishindo. Yanasikika watu wachache wakikaa karibu na vyombo vyao na kupiga kwa kusikilizana. Msondo ilitimiza miaka 60 mwaka 2024, na Sikinde inakaribia 50. Kwa hiyo naziomba bendi hizi zijitokeze zenyewe na kuomba kupimwa. Naiomba redio ya taifa, yenye hazina ya zamani, iwe mwenyeji wa kazi hii mpya na iihifadhi. Nawaomba wenye uwezo wa kifedha wachangie onyesho moja la namna hii kwa kila bendi, na wawepo ukumbini siku hiyo. Na ninyi wa kusini, nawaomba muwapelekee wana Msondo ngoma ile waliyoazima jina lake, iwekwe katikati ya jukwaa, ikazwe kwa moto kama inavyostahili, na ianze yenyewe kabla ya gitaa lolote.